Mikono ya Ulisse

Bondeni kwetu ukitaja mikono ya Ulisse, hata mtoto wa chekechea anajua unazungumzia injini. Injini zenyewe ni ndogo, zinakaa kiganjani, za kuendeshea magari ya rimoti. Zinakunywa spiriti iliyochanganywa na nitro na mafuta ya nyonyo, na zikikolea hutoa kelele ya kuchoma sikio. Watu walikuwa wanatoka Milano, wengine Ujerumani, na injini mpya ndani ya boksi, kuja kumwomba Ulisse Pintossi, mkereza koki za maji wa mji wetu wa Lumezzane, awazoeshee injini hizo, yaani aziendeshe kwa uangalifu zile saa za kwanza, kabla hawajaziingiza mashindanoni. Mimi niliwafungulia mlango, nikawapa kahawa, nikawasikiliza wakimsifu mume wangu. Wakishaondoka, Ulisse ananisukumia boksi mezani na kwenda kuangalia mpira.

Mikono ilikuwa yangu. Nalisema mapema ili lisinikae kooni.

Kabla sijaolewa nilikuwa mkaguzi katika kiwanda cha koki. Kazi yangu ilikuwa kuchukua koki, kuifungua, kuifunga, na kusema inafaa au haifai, mara elfu mbili kwa siku. Ukifanya upuuzi huo kwa miaka sita, vidole vinapata akili kuliko kichwa. Kwa hiyo siku Ulisse alipoleta nyumbani injini yake ya kwanza, akaiwasha ikiwa baridi na kuipigisha kelele uani mpaka ikakata roho mbele ya majirani, mimi niliiokota ile maiti, nikaizungusha kwa vidole viwili, nikajua imekufa kwa nini.

Silinda ya injini hizi imebanwa makusudi pale juu kabisa. Ikiwa baridi, pistoni ikifika hapo inakwama kama kizibo kwenye shingo ya chupa. Hakuna ringi wala nini. Ule mbano ndio uhai wake. Injini ikipata moto silinda inatanuka kidogo, mbano unalegea, na vyuma viwili vinasuguana kwa adabu mpaka vizoeane. Ukiiendesha baridi, kila mzunguko pistoni inagonga ule mlango mwembamba, na anayeumia ni konrodi, kile kifimbo kinachoishika pistoni kwa chini. Na kibaya zaidi, huoni kitu. Moshi unatoka vizuri, sauti ni ya kupendeza, unadhani unaibembeleza kumbe unaiua. Itakufa baada ya wiki mbili, ikiwa mikononi mwa mtu mwingine.

Basi iliyofuata mimi niliitia kwenye tanuri la jikoni, digrii mia, nusu saa. Nikaitoa kwa kitambaa, nikaifunga kwenye gari, nikaiwasha ikiwa bado inaunguza, na moto wake nikaulinda kwa mashine yangu ya kukaushia nywele huku nikiichezea sindano ya kabureta kwa bisibisi. Dakika tano, naizima. Pistoni naishusha chini kabisa ili ipoe bila kubanwa. Naiwasha tena. Lita tatu za mafuta, siku nne, na Jumapili kanisani nywele zinanuka nyonyo.

Mashindanoni ilikuwa vilevile. Dereva hupanda jukwaani na rimoti yake. Fundi hubaki chini, kwenye kituo cha mafuta, na chupa mkononi. Kila baada ya dakika nane gari linaingia, fundi analinyanyua, analijaza, na kama injini inalalamika anagusa sindano. Tunaihesabu kwa saa, kama mshale wa saa ya ukutani: ifungue saa moja, ifunge nusu saa. Ukiifungua, mafuta yanaingia mengi, moshi unakuwa mzito, gari linakuwa goigoi. Ukiifunga, gari linaruka, lakini joto linapanda, na ukizidisha umeua. Mimi ndiye niliyekuwa chini. Nilisikiliza, nikazungusha. Ulisse, asiyejua tofauti ya sauti ya injini na ya blenda, alijifunza kugusa kofia yake kila nilipoinama, ili watu wadhani ameniagiza kutoka kule juu. Na walidhani. Walisema ana masikio ya popo.

Nilivumilia miaka kumi na tisa. Sitajifanya nilikuwa nalia usiku. Nilipenda kujua kitu ambacho bonde zima halikijui, ni starehe ya kijinga lakini ni starehe. Na Ulisse hakuwa mume mbaya. Hakunipiga, hakulewa ovyo, alinikumbuka siku ya kuzaliwa. Ila hata tukiwa wawili tu, mlango umefungwa, hakuwahi kusema kazi hii ni yako. Alikuwa ameidanganya dunia muda mrefu mpaka uongo ukamwingia mwenyewe.

Mambo yaliharibika mwaka aliokufa mzee wa chumba cha kuzoeshea injini katika karakana ya Belleri. Bwana Torquato Belleri ndiye anayetengeneza injini hizi kule chini ya bonde, na wateja wake wakubwa hununua zilizokwisha kuzoeshwa. Alituma neno kwamba anamtaka Ulisse. Atakuja kumwangalia kwenye fainali ya Septemba, kisha wazungumze. Ulisse alikuwa na miaka hamsini na mitatu, anakohoa vumbi la shaba, magoti yamekwisha kwa kusimama. Kazi ile ilikuwa kukaa kwenye kiti, koti jeupe, jina lake mlangoni. Niliitaka kwa ajili yake, naapa niliitaka. Nikamwomba jambo moja tu.

"Mwambie tuko wawili," nilisema. "Sitaki mshahara. Nataka ajue tu."

"Ajue nini?"

"Kwamba anayezoesha ni mimi."

Alilamba kijiko. "Fina, nani atamwajiri mwanaume aliyefundishwa kazi na mkewe? Nitakuwa kichekesho kuanzia hapa mpaka Brescia."

"Na mimi niwe nini?"

"Wewe uwe mke wa mkuu wa chumba cha injini. Hicho ni kidogo?"

Akaendelea kula. Alipomaliza akanieleza, kama mtu anayekumbushia kulipa umeme, kwamba kwenye fainali sitashika chupa. Belleri ana macho, ataona mambo. Atakayekaa chini ni Ivo, mume wa dada yake. Mimi nimwandikie Ivo namba zote kwenye karatasi.

Ijumaa kabla ya fainali klabu ilifanya karamu yake ya kila mwaka, nyama za mishikaki zilizogeuzwa motoni tangu alfajiri, na polenta, ugali wetu wa mahindi. Belleri alikuwa amealikwa, amekaa kichwani mwa meza, mtu mpole mwenye masharubu meupe. Mtu mmoja akauliza iwapo ni kweli kwamba kwa Pintossi injini zinaokwa. Ulisse akafuta mdomo, akasema ni kweli, mke wake ana ushirikina wake wa jikoni, na kuna siku aliokea keki na injini pamoja, yeye nusura aingie mashindanoni na keki. "Ila keki ingemaliza mbio," akaongeza. "Alivyoipika ngumu."

Meza nzima ilivunjika mbavu. Ivo alipiga meza kwa kiganja mpaka glasi zikaruka. Na mimi nilicheka, nikampangusia Ulisse divai iliyomwagikia mkono wa shati lake. Nilikuwa namchukia kiasi kwamba nilihofia itaonekana usoni. Asante ya punda ni mateke, wahenga walijua, lakini hawakusema kwamba punda akishapiga teke utamkatia majani tena kesho yake asubuhi.

Usiku huo sikuandika uongo. Karatasi ya Ivo ilikuwa ya kweli, kila namba, mistari kumi na minne. Sindano mizunguko mitatu na saa mbili, kichwa cha injini kisizidi digrii mia na kumi na tano, mafuta kila dakika nane na sekunde kumi. Zilikuwa namba za alasiri ya jua, kwa sababu utabiri ulisema jua. Lakini mtu anayejua kazi hahitaji karatasi, na asiyejua karatasi haimsaidii upepo ukigeuka.

Na upepo uligeuka. Fainali ni dakika arobaini na tano. Ulisse aliongoza kuanzia ya sita. Nilikuwa nje ya uzio pamoja na wake za watu, na kapu la mikate, na injini yangu ilikuwa inaimba. Sina neno lingine. Gari lilipita mbele yetu likiacha uzi mwembamba wa moshi wa buluu, mwembamba vilevile kona hadi kona, na nilisahau kila kitu, nikasahau hata keki. Kwenye dakika ya thelathini wingu lilishuka kutoka mlimani, na nyuma yake hewa baridi ya mvua ambayo bado haijanyesha. Nywele za mikono zilinisimama. Hewa baridi ni nzito, injini inaivuta nyingi kuliko ilivyozoea, na mafuta yaleyale hayatoshi tena. Unatakiwa uifungue sindano. Mafundi wote waliokuwa chini walikuwa na bisibisi mkononi. Gari likiingia tu, saa moja, saa moja na nusu. Ivo alikuwa na karatasi.

Uzi wa moshi ulipotea. Sauti ikapanda, ikawa kavu, ile sauti inayowafurahisha wajinga kwa sababu gari linakimbia zaidi. Watu walipiga makofi. Ulisse alikuwa na pengo la sekunde kumi na mbili. Lakini miaka kumi na tisa si bure, alijua uso wangu hata kama hakujua injini. Gari lilipokuwa linakaribia kuingia kujazwa mara ya mwisho, aligeuza kichwa pale jukwaani na kunitafuta kwenye uzio. Aliniona. Akainua kidevu, akiniinulia kidevu hivyo nyumbani huwa anauliza: vipi?

Kilichotakiwa ni vidole viwili tu. Ningevizungusha hewani kushoto, angempigia Ivo kelele aifungue, na Ivo angeifungua. Niliingiza mkono kwenye kapu, nikatoa mkate wenye soseji ya salami, nikauma, nikatafuna nikimtazama. Ulikuwa mtamu. Naukumbuka mpaka leo.

Injini ilikufa zikiwa zimebaki dakika nne, kwenye mteremko mrefu, gari likaserereka kimya kama kiatu kilichotupwa. Waliolipita walikuwa sita.

Ulisse alishuka jukwaani akiwa mweupe. Alipofika chini Belleri alikuwa ameshafika, na Ivo amesimama na karatasi yake, na Ulisse hakuchelewa: akasema mbele ya watu wote kwamba alimpigia Ivo ishara aifungue sindano na Ivo hakutii. Ivo alifungua mdomo. Akamtazama shemeji yake, akamtazama Belleri, akaufunga. Ana watoto watatu na gari lake la kwendea kazini ni la Ulisse.

Belleri hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameichomoa injini, ikiwa bado inachoma, ameishika na kitambaa. Alisubiri ipoe, watu wakisubiri naye. Kisha akaizungusha kwa vidole. Pistoni ilifika juu ikakwama, imara kabisa, akalazimika kutumia nguvu.

"Imeteswa hivi na bado inabana," alisema taratibu. "Miaka arobaini natengeneza vitu hivi, sijaiona ya namna hii. Sindano naweza kumfundisha mtu yeyote. Hili sijui kumfundisha mtu. Nani ameizoesha?"

Hapo ndipo. Nilikuwa nimeingia ndani ya uzio, nimesimama hatua mbili kutoka kwa Ulisse, na nusu ya mkate mkononi. Nilimwangalia. Nilimpa muda mrefu, muda wa kutosha mtu kumeza mate na kusema neno moja.

"Mimi," alisema Ulisse.

Belleri akamshika mkono kwa mikono miwili. Halafu, kwa kuwa ni muungwana, akanigeukia. "Bi Delfina, una mume mwenye mikono ya dhahabu."

"Najua," nilisema.

Jumatatu Ulisse aliacha kazi kwenye kiwanda cha koki, baada ya miaka thelathini na moja, wakampa saa ya ukutani. Jumatatu iliyofuata angeanza kwa Belleri. Wiki hiyo ya katikati alikuwa mwema kama mchumba. Alinunua kuku. Alinisifia blauzi. Jumapili baada ya chakula akavuta kiti karibu yangu, akaniambia kule kwa Belleri hatakuwa na mimi, kwa hiyo nimweleze namna ya kuzoesha. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amekula chakula chake mita mbili kutoka kwenye lile tanuri na hajawahi kuuliza kwa nini limewashwa.

"Ni rahisi," nilimwambia. "Watu wanazitesa. Wewe usizitese."

"Na tanuri?"

"Tanuri ni la kuyeyusha grisi ya kiwandani, basi. Kwa Belleri zinatoka safi. Iwashe baridi, sindano wazi kabisa, moshi uwe mzito kama wa jiko la kuni mbichi. Iende polepole kwenye meza, isipate moto. Ukiigusa kichwa kwa mkono isikuunguze."

"Muda gani?"

"Mpaka lita tatu ziishe. Polepole ndio mwendo, Ulisse. Si unajua?"

Alikuwa anaandika kwenye kijitabu. Alipomaliza alinibusu kwenye paji la uso na kusema angejua ni rahisi hivyo angefanya mwenyewe siku zote. Nami nilitoa vyombo. Ningeweza kumwita arudi mezani. Palikuwa na nafasi hiyo, dakika nzima ya kusuuza sahani. Sikumwita. Sikujuta pia, na nikisema nilijuta nitakuwa namwiga yeye.

Mafundi wa injini ni kama wachawi, kila mmoja na siri yake, na mwenzake haruhusiwi kuchungulia. Ulisse aliomba mlango ufungwe na Belleri akaona ni haki yake. Isitoshe Belleri mwenyewe alikuwa safarini Japani mwezi mzima. Kwa hiyo hakuna aliyeingia kuona injini thelathini na nane zikibembelezwa mpaka kufa, moja baada ya nyingine, mezani, zikitoa moshi mzuri mzito. Ulisse alikuwa anarudi nyumbani saa kumi na moja, koti jeupe limekunjwa mkononi, akipiga mluzi. Zilipakiwa kwenye boksi zenye saini yake. Zikasafirishwa.

Zilianza kurudi mwezi wa Novemba. Konrodi zimevunjika, mbano umekwisha, nyingine pistoni ilipita juu bila kugusa chochote. Belleri alipotua alizikuta zimepangwa mezani kwake. Akamwita Ulisse, akafunga mlango, na kilichosemwa humo nilisimuliwa na Belleri mwenyewe baadaye. Hakumfokea. Alimuuliza tu, Ulisse, imekuwaje? Na Ulisse akazitazama zile injini, akaelewa. Si mjinga. Nadhani aliona tanuri, akaona mkate wa salami, akaona kila kitu. Alikuwa na sentensi moja ya kumwokoa, ya kweli kabisa, na ili aiseme ilibidi aanze na maneno "mke wangu".

Alisema masikio yake yamekufa. Kwamba tangu ile fainali hasikii sauti za juu, na sasa hata za chini zinaondoka, na alificha kwa aibu.

Belleri alilia. Alimkumbatia, akasema fundi asiyesikia ni kama mpiga fidla aliyekatwa vidole, akampa mishahara ya miezi sita na kumrudisha nyumbani kwa gari lake. Mimi nilikuwa jikoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa wiki nyingi: atapiga kelele, nami nitapiga, yatatoka yote. Aliingia, akavua koti, akakaa.

"Nilifanya makusudi," nilisema.

Alivuta gazeti.

"Ulisse. Nilikudanganya makusudi, na siku ya fainali nilikuona."

Akafunua ukurasa. Ndipo nikaona karatasi ya daktari wa karakana juu ya meza, na kalamu na kijitabu kipya, cha kuandikiana na kiziwi.

Ni miaka minne sasa. Daktari mkubwa wa Brescia alimpima, akaniita pembeni, akasema masikio ni ya kijana wa miaka ishirini, huenda ni huzuni. Baani wanamnunulia divai na kumpigia kelele usoni, na yeye anatabasamu na kuonyesha sikio. Padri anamwandikia mahubiri kwa ufupi. Nyumbani hajawahi kuteleza, hata mara moja. Niliangusha sufuria nyuma ya kiti chake. Nilimtukana mama yake, Mungu amrehemu. Nilimdanganya kwamba binti yetu, aliyeolewa Milano, yuko hospitali. Shingo haikugeuka.

Mwaka huu mwezi wa Machi nilichoka. Nilivaa vizuri, nikashuka mpaka karakana ya Belleri, nikamwambia yote tangu koki elfu mbili mpaka polepole ndio mwendo. Nilimwambia anipe injini moja na siku nne. Alinisikiliza bila kunikatiza, mikono juu ya tumbo. Mwisho alisema jambo hili si dogo, ni jina la mtu, hawezi kuligusa bila kumuuliza mwenyewe. Lakini niliona macho yake. Alikuwa ameanza kuhesabu: keki, tanuri, injini thelathini na nane.

Alikuja Jumamosi saa sita mchana. Aliweka mezani boksi dogo, akalifungua ili nilione: injini mpya, bado ina grisi ya kiwandani. Tanuri lilikuwa limewashwa. Nililiwasha tangu saa tano, sikuweza kujizuia. Kisha akavuta kijitabu cha Ulisse, akaandika kwa herufi kubwa: MKEO ANASEMA ALIYEZOESHA INJINI NI YEYE. NI KWELI?

Ulisse alisoma. Alisoma mara mbili, kidole kikifuata mstari. Akaniangalia, na sikuwahi kumwona ananiangalia vile, wazi, kwa muda, kama mtu anayesikia kila kitu. Nilikuwa namwomba, sioni aibu kusema, kwa macho nilikuwa namwomba.

Machozi yakamjaa. Akamgeukia Belleri, na kwa ile sauti ya juu kidogo, sauti ya viziwi aliyojifundisha, akasema, "Maskini Fina. Anataka kuibeba aibu yangu."

Belleri alifunika boksi. Alisimama, akazunguka meza, akauchukua mkono wangu na kuubusu, na masharubu yake yalikuwa yamelowa.

"Wanawake kama wewe hawazaliwi tena," aliniambia. "Nisamehe kwamba nilikusadiki."

Aliondoka na boksi lake chini ya kwapa. Nilisikia gari lake likiwaka, likishuka, likipinda kwenye kona ya kanisa. Ulisse alikuwa amefuta macho na kuirudisha leso mfukoni. Akavuta sahani yake karibu, akaigonga na kijiko, mara mbili. Nikampakulia. Alikula supu yote, akaomba mkate, kwa ishara ya mkono.